Mama Aliyeshtaki Majimbi

Kwenye ofisi ya serikali ya sekta, Rugerero, mama mmoja alisimama mbele ya karani.

"Unashtaki nani, mama?"

"Jirani wa juu kilimani. Maji ya paa yake ilikuwa inaingia kwangu."

"Na sasa?"

"Amechimba bustani ya shimo, akapanda majimbi. Mvua yote inaishia mule."

Karani aliweka kalamu chini. "Donc, basi shida iko wapi?"

Mama aliviringisha ncha ya kitenge chake. "Kila mvua alikuwa anakuya kunisaidia kufagia matope, kisha tunakunywa chai. Sasa simuoni tena. Umuambie fagio yake ingali kwangu."

Nilikuwa nyuma yake, nimekuja kushtaki maji ya jirani yangu. Nikatoka kwenye foleni. Fagio ninazo mbili nyumbani. Nilichokosa ni sukari ya chai ya kunywa na jirani.