Sauti ya Bibi na CD Isiyotaka Kufunguka

Bibi yangu mzaa mama aliishi Kasenga, kando ya Luapula, akiuza samaki wa kukaushwa na kuwagombeza watu, na huko huko akafa. Nilipokuwa bado msichana wa sekondari, mtafiti mmoja alipita kule na mashine ya kurekodia, akiwatafuta wazee wamsimulie habari za zamani. Bibi alikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa baadaye, bibi akiwa ameshazikwa, familia yetu hapa Lubumbashi ililetewa CD ndani ya kasha la plastiki lenye picha ya mto ambao haukuwa hata Luapula. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na kompyuta. Mama aliitia kabatini pamoja na sahani za wageni, na wageni walikuja mara nyingi kuliko hiyo CD ilivyotoka.

Mara moja tu tuliipeleka kwenye duka moja la intaneti kule Katuba. Enzi hizo kompyuta ilimeza diski, nayo ikaanza yenyewe bila kubembelezwa. Ngoma zililia, ikatokea picha ya kijiji, na nyuso za wazee zikajipanga chini yake kama pipi dukani. Mama alimtambua bibi. Kabla hatujabonyeza uso wake, umeme ukakatika. Tulingoja mpaka mwenye duka akafunga mlango. Hatukurudi, na duka lenyewe likaja kugeuka la mikate.

Sasa mama anaishi nami. Macho yake yamedhoofika, hata televisheni haimpi raha tena, na mwaka huu akaniambia kwamba anataka kumsikia mama yake. Mimi ni mwalimu wa biolojia na kompyuta ninayo. Nikamjibu kwamba hilo ni jambo dogo.

Kompyuta yangu ni mpya, nyembamba kama sahani, na nilipoinunua muuzaji aliisifu kwa wembamba huo. Niliigeuza upande huu na ule nikitafuta tundu la diski. Halikuwapo. Wameondoa kitu kilichofanya kazi, wakauita upungufu huo maendeleo, na sisi tukapiga makofi. Nilirudi kwa muuzaji yule. Akaniangalia kama mtu aliyeleta sahani ya santuri, akasema CD ni mambo ya bazee. Ilibidi nizunguke mjini mpaka nikapata kile kifaa cha pembeni kinachochomekwa kwa waya, wenyewe hukiita lecteur. Mwenye kibanda alikuwa amekilaza juu ya karatasi zake zisipeperuke.

Nilikichomeka, nikaweka diski. Ikazunguka, ikavuma, ikanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna kijiji. Mama, aliyekuwa amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya shughuli hiyo, aliuliza kama imeanza. Nikasema bado.

Basi akaitwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta chuo kikuu na hachoki kutukumbusha. Alikuja na viatu vyake vilivyong'aa, akaketi kwenye kiti changu, wala hakuuliza diski ni ya nini. Aliinua CD kwenye mwanga wa dirisha, akaisugua kwa shati lake, akatangaza kwamba imekufa. Alipoona sikuridhika, akabadili ugonjwa: sasa ilikuwa virusi. Dawa yake ilikuwa kufuta kompyuta yangu yote na kuanza upya, pamoja na mitihani ya wanafunzi wangu iliyokuwamo. Niliiondoa mikono yake kwenye mashine. Hapo akamgeukia mama, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mama, usisumbuke. Bile bintu bya zamani biko mingi ku internet. Tutakutafutia bingine."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Internet iko na mama yangu?"

Shemeji alicheka peke yake, akakumbuka kwamba ana mkutano, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikaa mwenyewe na hasira zangu. Badala ya kungoja diski ijifungue, nilienda kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, na pale nikaiona, imeandikwa jina lake. Maiti ya shemeji ilikuwa inapumua. Ndani yake kulikuwa na programu, ile iliyotoa ngoma. Nikaibonyeza, na kompyuta ikanijibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye mashine yako. Nilijaribu ile njia ya kuidanganya programu kwamba iko ndani ya mfumo wa zamani. Haikudanganyika. Niliwasoma mabingwa wa mtandaoni, wale wanaojibu kabla hawajamaliza kusoma swali. Mmoja alimshauri mwenye shida kama yangu atupe diski. Mwingine alimuuliza kwa nini anaihitaji.

Katika takataka hizo niliokota mambo mawili yenye maana. Kwanza, kompyuta za leo haziachi diski ianze yenyewe, kwa sababu wahalifu walikuwa wakificha virusi humo. Hilo nililikubali, ingawa kwa shingo upande. Pili, programu ile iliandikwa kwa mashine ambazo hazipo tena, na mashine mpya haielewi lugha yake. Kwa hiyo hata ningeibonyeza mpaka Jumapili, isingefunguka.

Lakini programu, nilijiambia, ilikuwa mlango tu. Wazee hawakurekodiwa ndani ya mlango. Nikarudi kwenye diski, nikaanza kufungua mafolda moja baada ya jingine. Moja liliitwa SON, yaani sauti, na lilikuwa limejaa mafaili yenye namba. Nikafungua la kwanza. Likaimba shukrani kwa waliotoa fedha za mradi, kwa muda mrefu, na majina yao yote. Nikafungua la pili, la tatu. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine aliimba. Zilikuwa sauti za kawaida kabisa, ambazo hata simu ya mtoto ingezicheza, na zilikuwapo wakati wote huo shemeji alipokuwa akisugua diski kwa shati.

Nilimwita mama, akaja akipapasa ukuta. Niliendelea kufungua mpaka jina la bibi likatajwa, naye akanishika mkono.

Mtafiti alikuwa akiuliza, kwa Kiswahili cha kwenye vitabu, kama bibi angeweza kurudia habari ya samaki mkubwa, kwani mashine haikuwa tayari. Kisha sauti ya bibi ikatoka, kavu, karibu sana.

"Nirudilie juu ya kamashini yako? Mi nilishasema. Kama haikusikia, ni yee njo iko na masikio mubaya."

Hata hivyo alirudia, huku akimkaripia mtafiti kila alipomkatiza: jinsi alivyomvuta samaki yule peke yake hadi ukingoni, wanaume wakitazama tu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wake ukiwa bado juu ya wangu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Sauti ilipokatika nilimwacha, nikadhani anasali.

"Anasema bongo, anadanganya," alisema hatimaye. "Ile samaki, njo kaka yake alikamataka."

Akaniambia nimweke tena, tangu mwanzo. Tulimsikiliza bibi alasiri nzima, kisha na majirani zake wa Kasenga, mmoja mmoja, na mama hakumsaza hata mmoja wao: huyu mwizi wa nyavu, yule mlevi, huyu alikuwa hajui hata kuogelea. Shemeji alipita jioni, akazisikia sauti tangu mlangoni, akasema ndivyo alivyofikiri tangu mwanzo. Mama alimwambia anyamaze, watu wanazungumza.