Waliuliza ng'ombe ni wa nani, na mwanafunzi wangu akajibu vizuri

Wakuu, nawasalimu wote. Mlio wadogo kwangu, na nadhani humu ni karibu wote, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaziandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Ikungi. Simu nimejifunza uzeeni, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie.

Juzi kijana mmoja kaandika humu kwamba walimu wa enzi zetu walijua fimbo na jembe tu, eti hawakujua kumjenga mtoto ajiamini. Komenti zikajaa vicheko. Nilizisoma zote, nikashinda na hasira siku nzima.

Sasa nasimulia yaliyonikuta. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji, maana wajukuu wa watu bado wanaishi pale. Mengine ni kweli tupu. Katika umri huu nidanganye nipate nini?

Nianze na nilikotoka.

Nilizaliwa upande wa Mgori, binti wa kwanza, na nyuma yangu wakafuatana wasichana watupu. Baba alikuwa na ng'ombe na hakuwa na mtoto wa kiume, basi mchungaji nikawa mimi. Watu walicheka. Baba akawaambia ng'ombe haulizi sketi wala kaptula.

Yeye ndiye alinifundisha jambo ambalo chuoni sikulikuta. Mchungaji hatangulii. Anakaa nyuma kabisa, na ndama aliyechoka au ng'ombe anayechechemea, na kundi linakwenda kwa mwendo wa huyo. Ukitangulia utafika mapema, lakini utafika na nusu ya ng'ombe.

Shule nilianza nimechelewa, mkubwa kuliko wenzangu wote. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kutangulia. Alifundisha watatu wanaojua, sisi wengine alituona kama ukuta. Nilijiapiza kwamba nikiwa mwalimu nitaanzia dawati la nyuma.

Na nikawa mwalimu kweli.

Nilipangiwa shule moja ya vijijini miaka ile Azimio la Arusha bado bichi. Kila mahali wimbo ulikuwa mmoja, kujitegemea. Na mimi niliuimba kwa moyo wote, msidhani nilikuwa mpinzani. Niliamini.

Darasani mtoto akikosea hesabu sikumchapa. Nilimwuliza, umefikaje hapo? Akinieleza njia aliyopita, mara nyingi kosa alilikuta mwenyewe njiani. (Aliyesema uongo nilimchapa, tusidanganyane, na mimi ni mtu wa zama zangu.)

Tena nilikuwa na sheria moja kubwa. Ukiulizwa, simama, mtazame aliyekuuliza, jibu kwa sauti.

Watoto wetu walizoea kujibu huku wanatazama vidole vya miguu, na sauti imebaki tumboni. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nataka kuwafanya wanasiasa. Nikamjibu, mtoto aachwe akue. Neno hilo nikawa nalisema kila kikao cha wazazi, mpaka kijiji kizima wakaniita Mwalimu Aachwe-Akue. Nilijisikia fahari, siwafichi.

Shida ilikuwa mahudhurio. Asubuhi unaita majina, nusu ya darasa wako machungani.

Nikaenda nyumba kwa nyumba, tembe kwa tembe, kuwaomba wazazi jambo moja. Majirani waunganishe ng'ombe wao mchana, na watoto wachunge kwa zamu. Hivyo kila mtoto atakosa shule siku yake tu, siku nyingine anasoma.

Wazee walinisikiliza kwa adabu, wakakataa kwa adabu.

Hapa vijana mnahitaji kuelewa kitu. Mnyaturu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa kwa marafiki wa mbali, kwa sababu ya ukame, ya magonjwa, na ya macho ya watu. Rafiki anawatunza, anakunywa maziwa, na siku ukimhitaji ng'ombe wako anakurudishia. Hakuna kutangaza. Hata watoto wa nyumba ile hawaambiwi. Ng'ombe aliyelala zizini kwetu ni wa kwetu, basi.

Sasa ukichanganya makundi, kila mtu ataona mwenzake ana nini. Ndiyo hofu yao, wala haikuwa ya kijinga.

Aliyenikubalia kwanza ni Mzee Misanga, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alitoa sharti moja. "Mwalimu, watoto wasihesabu ng'ombe wa watu."

Nikasimama mbele ya darasa nikawaambia: hapa tunahesabu kila kitu, machungani hatuhesabu. Na hawakuhitaji kuhesabu. Mchungaji anamjua kila ng'ombe kwa rangi na mabaka yake, akipotea mmoja anamwona kwa kutokuwepo.

Wazee wengine wakamfuata Misanga. Zamu zikaanza, darasa likajaa. Wakuu, nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, lakini furaha ile sikuipata tena.

Misanga alikuwa na binti anaitwa Zuhura. Nilimkuta dawati la nyuma, hasemi, wenzake wanamwita bubu. Nilikaa naye kule nyuma mwaka mzima. Alipofika darasa la saba alikuwa anawaeleza wenzake hesabu kuliko nilivyoweza mimi. Pale kijijini hakuna msichana aliyewahi kwenda sekondari, na kila mtu, hata mwalimu mkuu mgumu yule, alijua kwamba huyu angekwenda. Mtihani ulikuwa umekaribia.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya wilaya. Suti ya kola ndogo, viatu vinang'aa katikati ya vumbi letu, na mwenzake wa kuandika. Mwalimu mkuu akamleta darasani kwangu.

Alikuwa mcheshi. Akakaa dawatini na watoto, akawatania mpaka wakacheka. Kisha akasema, "Nimesikia mna zamu nzuri sana ya kuchunga. Huu ndio ujamaa wenyewe. Nani atanieleza inavyokwenda?"

Zuhura akasimama. Akamtazama. Akaeleza kwa sauti.

Nilivimba kichwa, jamani. Niliona kazi yangu imesimama pale mbele inaongea.

"Vizuri sana," bwana yule akasema. "Na ng'ombe wakishachanganyika, jioni mnajuaje huyu ni wa nani?"

Zuhura akaanza kuwataja. Mwekundu mwenye baka jeupe wa kwa fulani, mweusi mwenye pembe iliyopinda wa kwa fulani. Hakutaja namba hata moja, sharti alilishika. Aliwataja mmoja mmoja kama anavyowataja ndugu zake, na kalamu ya yule mwenzake wa kuandika haikutulia. Alipofika kwao akasema, "Hawa ni wa baba," akawataja, akaendelea kutaja.

Katikati ndipo nilipoelewa. Nikamkatiza. "Zuhura, keti sasa, wengine nao wajibu."

Bwana akanigeukia, anatabasamu. "Mwalimu, si wewe unasema mtoto aachwe akue? Mwache akue."

Darasa likacheka. Zuhura akamaliza.

Haikuchukua muda, kijiji kikaitwa mkutanoni. Zizi la kijiji linaanzishwa, wenye ng'ombe wengi watachangia kulingana na walichonacho. Na walichonacho kilikuwa kimeshaandikwa. Bwana yule akamwita Mzee Misanga asimame, akamsomea ng'ombe kwa rangi zao.

"Mzee, hawa wote ni wako?"

Wakuu, mimi nilikuwa nimekaa pale na walimu wenzangu. Nilimwona mzee yule akitazama chini, akitazama watu, akirudi kutazama chini. Wengi wa ng'ombe wale hawakuwa wake. Walikuwa wa rafiki yake wa upande wa Mgori. Angesema si wangu, angeulizwa ni wa nani, na aliyemwamini angefuatwa huko huko.

Akasema, "Ni wangu."

Walichukua wengi zaidi kwake kuliko kwa yeyote. Na waliochaguliwa, kwa sababu walikuwa wanono, wengi walikuwa wa yule rafiki.

Mnataka kujua zizi la kijiji liliishaje? Wengine walichinjwa kwenye mapokezi ya wageni. Wengine walikufa mmoja mmoja, maana ng'ombe wa wote hakuwa na mtu wa kumwona kama hakurudi jioni. Wazee wakavunja zamu palepale, kila mtu akarudisha ng'ombe wake kwake na mwanawe machungani. Darasa langu likabaki madawati.

Zuhura naye hakuonekana.

Nikaenda kwao. Mama yake alinipokea bila kunitazama. Mzee Misanga akatoka, akanikaribisha kigoda, na mimi nikamwamkia. Nilitegemea anitukane. Afadhali angenitukana.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtoto wa Mgori, mambo haya unayajua. Mwenzangu kanipa ng'ombe kwa mdomo, bila shahidi. Nitamwambia nini? Kwamba mtoto wangu kawataja shuleni?"

Nikamwuliza Zuhura yuko wapi.

"Yuko kwa shangazi yake. Anaolewa. Mahari ndiyo itakayorudi kwa mwenye ng'ombe."

Nilimwambia mtihani umebaki kidogo. Nilimwambia huyu ni mtoto wa pekee, Mzee, asubiri angalau afanye mtihani. Nililia mbele yake, mwalimu mzima.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi si mtu mbaya, Mwalimu. Nionyeshe ng'ombe wengine, nimwache mtoto asome."

Sikuwa nao. Mshahara wangu wa ualimu usingenunua hata mkia.

Nikaenda ofisini kwa bwana yule. Nikamweleza kwamba ng'ombe aliochukua kwa Misanga wengine si wa Misanga. Akafungua kalamu. "Ni wa nani?"

Nikamtazama. Nikafunga mdomo.

"Basi ni wa Misanga," akasema. "Kumbuka, Mwalimu, kazi yako ni elimu. Na nikushukuru, shule yako imetusaidia sana."

Shukrani ile ninayo mpaka leo, kama mwiba uliokatikia ndani. Uhamisho ulifuata baadaye, nikapelekwa kule mbali, Rungwa, karibu na mapori. Sababu sikuambiwa wala sikuuliza.

Kuna watu wamewahi kuniambia kosa lilikuwa langu, nimewapa watoto midomo mirefu. Nakataa, na nitakataa mpaka kaburini. Mtoto aliulizwa swali na mtu mzima akajibu kweli. Aliyekuja na swali lenye kamba ndani ndiye mkosaji, na yeye hakuna aliyemhamisha. Nilisikia alipanda cheo.

Lakini hasira haijanipa usingizi mzuri, na niliyoyaona baadaye yaliniumiza kuliko yote.

Miaka imepita, nimerudi huku, nikaenda mnadani Ikungi kununua mtama. Mama mmoja akaja mbele yangu akapiga goti kidogo. "Shikamoo Mwalimu."

Nilimtambua kwa macho. Zuhura. Amekonda, kanga imefungwa vizuri, pembeni yake kabinti ka umri wa kwenda shule. Tulishikana mikono, tukashindwa kuachiana. Aliniambia anaishi upande wa Iramba, ana watoto, baba yake amefariki. Hakunilaumu. Aliniuliza afya yangu.

Nikamgeukia yule mtoto. "Hujambo, mjukuu wangu. Unaitwa nani?"

Mtoto akanitazama usoni, macho makali ya mama yake yale yale. Hakujibu.

Nikajua ni aibu ya kitoto. Nikainama. "Umeanza shule? Darasa la ngapi?"

Kimya. Akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa, mtoto akarudisha macho kwangu na mdomo umefungwa.

"Usimkasirikie, Mwalimu," Zuhura akasema taratibu. "Ana akili sana, na kuongea anaongea. Ila akiulizwa na mtu asiyemjua, nimemwambia asijibu kitu. Hata jina lake."

Nilisimama pale na mtama wangu. Mwalimu gani angemwambia amekosea?

Basi, kijana uliyeandika juzi, ndiyo hiyo habari ya walimu wasiojua kumjenga mtoto ajiamini. Tulijenga. Wengine walikuja wakavuna.

Na ninyi walimu mlio kazini leo, nimejifunza hili kwa gharama ya mtoto wa mtu: kabla hujamwambia mtoto asimame ajibu, mtazame kwanza anayeuliza, uone mkononi kashika nini. Mimi nilimtazama Zuhura peke yake, kwa sababu nilimpenda.

Uwanja ni wenu. Anayetaka kunipinga anipinge, nitajibu. Ila kama yupo humu mtu wa Iramba mwenye mama anayeitwa kwa jina lingine badala ya hilo Zuhura nililompa mimi, aliyewahi kukataza watoto wake kujibu wageni, mwambie Mwalimu anamsalimia. Huna haja ya kuniandikia jina lake.