Mume Wangu Kwenye Vibonzo

Mume wangu ni fundi wa mashine za kukamua alizeti hapa Singida Mjini. Ni mtu mzima, ana kitambi, na anapenda katuni za Kijapani kuliko mpira. Kabla ya kuwasha mashine hunyoosha viganja kama anayerusha moto. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kuchora najua, basi nikaanza kumchora, vibonzo vifupi ninavyoviweka kwenye stetasi ya simu yangu. Walimu wenzangu walicheka, wakawa wanadai vingine. Mwenyewe alicheka pia, akalalamika tu kwamba nywele zake sizichori vizuri.

Kimoja sikumwonyesha kwanza. Nilimchora amekaa sakafuni, machozi yanamchuruzika kwa sababu mtu wa kwenye katuni ameuawa, na uji unaungua nyuma yake. Hicho ndicho kilichopendwa kuliko vyote.

Jumapili tulikwenda Ilongero kumsalimia mama yake. Tulikuta wifi yangu ameshamwonyesha kibonzo hicho. Baada ya shikamoo, mama mkwe aliisogeza simu mbali na macho, akaniuliza kama yule ni mwanawe. Nikaitikia huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Tulipomzika baba yake hakutoa chozi," alisema. "Nikajua mwanangu hajui kulia. Kumbe analia, na wewe unawaonyesha watu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na dumu la mafuta tulilomletea mama. Hakuwahi kuona haya kwa katuni zake, hata mbele ya wateja. Siku ile aliangalia chini. Niliingia jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nikiwa huko nilisikia mama anamuuliza kwa Kinyaturu yule aliyekufa alikuwa nani. Akamweleza taratibu: mzee mmoja wa kwenye katuni, bingwa wa kupigana kwa upanga, kafa kabla mwanafunzi wake hajafika kumuaga. Mama akauliza tena, naye akaendelea. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza swali hilo. Nilikuwa nachora tu.

Tuliporudi nyumbani nilikifuta. Alisema nimejisumbua, watu wameshakiona, ila siku nyingine nimuulize. Sasa kila kibonzo anakiona kwanza. Vingine huvikataa bila kunieleza sababu, nami huvichana palepale.