Mkwe Katika Wodi ya Kuhara

Oduor, fundi baiskeli wa Kibuye, hakuwa mtu wa kuogopa. Mwaka wa 1994 watafiti walipotafuta watu wazima wenye afya, alijiandikisha mwenyewe. Alielezwa vizuri: atakunywa maziwa yenye kingamwili za kuzuia kuhara, kisha anywe bakteria wenyewe wa kuhara, alazwe wodini waone kama dawa itamkinga. Sharti moja tu: kila choo kiwekwe kwenye kopo, mhudumu akipime. Oduor alicheka. "Mavi tu? Leteni kopo!"

Asubuhi ya siku ya tatu akaingia mhudumu mpya wa zamu. Lo! Mama Selpha, mama mzazi wa mke wake.

Jamani, huyu ni mama ambaye Oduor, kwa heshima ya ukwe, hajawahi hata kula mbele yake. Akija nyumbani, Oduor hukaa upande wa pili wa chumba, macho chini, anajibu anapoulizwa. Leo amkabidhi kopo, tena lingali moto? Afadhali afe!

Lakini tumbo halijui mkwe. Lilimsokota saa ile ile. Akatoka mbio hadi choo cha wafanyakazi, akavuta mnyororo wa maji, akarudi akijifanya kupiga miayo. Akaenda tena. Na tena. Kila Mama Selpha alipouliza kutoka mlangoni, uso kando, "Baba Apiyo, umepata choo?" yeye alijibu, "Hapana, Mama."

Jioni daktari akasoma fomu, akamshika mkono kwa furaha. "Dawa imekukinga kabisa!"

Oduor alitamani ardhi ipasuke. Kule Dunga, kando ya ziwa, watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, na sasa huenda wangepewa dawa isiyofaa kwa sababu ya uongo wake. Alikuwa amemwonea haya mkwe mchana kutwa. Sasa alijionea haya mwenyewe, na hiyo ilimuuma zaidi.

"Daktari, nimekudanganya. Nimehara."

"Mara ngapi?"

Mama Selpha alikuwa amesimama hapo hapo, kalamu mkononi.

"Mara sita."

"Ya maji?"

"Ya maji," akasema, kidevu kimegusa kifua.

Mama Selpha hakuandika. Aligeukia ukuta.

"Ni saba, daktari. Nilimsikia mara zote kwenye choo chetu. Hata mimi niliona haya kusema."