Windo Haliulizwi

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ukungu wa kwetu Mkumbi ulikuwa umelala juu ya mibuni, na mibuni imechanua, nyeupe tupu, harufu yake inakulewesha hata usijue uko macho au unaota. Nilikuwa msichana, nimejificha jikoni. Kijana niliyekuwa nikitazamana naye gulioni alikuwa amekuja kuniposa, hata mshenga hana!

Alitoka ziwani, mtoto wa wavuvi. Kimatengo chetu hakukijua, nasi Kinyasa chake hatukukijua, basi tukakutana kwenye Kiswahili. Alikuwa amesikia kwamba babu yangu ni mwindaji, akaona amfurahishe kwa lugha ya porini. Akamwamkia shikamoo vizuri, kisha akasema, "Babu, nimekuja kuchukua windo langu."

Mama yangu wee! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Babu akaweka kiko chini, polepole. "Windo ndiyo nini, baba?"

"Ni mnyama unayemwinda, Babu, mpaka umpate."

"Ukishampata?"

"Unamchuna."

"Na kabla ya hapo, unamuuliza kama anakubali?"

Nikajua sasa anafukuzwa, nikaanza kulia humohumo kwenye moshi. Mara Babu akaniita. Nikatoka, macho mekundu. Akamwambia kijana, "Huyu hapa. Ana masikio, ana mdomo. Muulize."

Akaniuliza kama nakubali. Nami niliyekuwa nikimtaka kufa na kupona, utamu wa kuulizwa ukanipanda kichwani! Nikamjibu, "Rudi tukishavuna kahawa." Babu alicheka mpaka akakohoa. Na yule kijana akarudi. Ndiye aliyekuwa babu yako, Mungu amrehemu.

Sasa juzi nimekusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako, "Nimepata windo huko Mpepai." Iliniuma. Mwanangu, windo ni neno zuri likikaa mahali pake: ni paa, ni digidigi, ni kitoweo cha watoto. Ukimwita binti wa watu hivyo, umeshamchuna kabla hajasema neno. Nenda Mpepai, mwite kwa jina lake, umuulize, kisha usubiri. Akikataa, shukuru, urudi nyumbani ule ugali; hujafa. Mungu akulinde na mke uliyemkamata, akujalie aliyekukubali.