Waliandika Amepumzika, Mimi Nikamzika

Kosa ni langu, asitafutwe mwingine. Nilimtangaza mama mkwe wangu kuwa amekufa, naye yu hai, anakunywa uji kwake Misungwi! Jamani, hata kuandika naona aibu.

Na msiniambie mtandao, nimeshausingizia vya kutosha. Simu yangu ni kitochi. Ikijaa meseji, mpya haziingii, zinasubiri huko huko mpaka ufute za zamani. Kibahasha kilikuwa kinawakawaka wiki nzima, nakiona.

Na kilichoijaza nini? Meseji za mama mkwe! Mwalimu mstaafu yule, anaandika na nukta kabisa. "Uji wa mjukuu wangu ni maji ya kunawa." "Soksi za mtoto zimetoboka. Au huoni." Nilizitunza zote kama ushahidi, ili siku nikigombana na mume wangu nimmwagie mezani.

Asubuhi hiyo nikafuta moja tu, ya matangazo. Ikaingia ya wifi yangu anayeishi na mama: "Mama amepumzika."

Basi. Kwetu huku mtu mzima amepumzika ni nini, kama si kufa?

Sikupiga simu kuuliza. Hapo ndipo pa kunichapa! Nilitaka niwe wa kwanza kutangaza. Nikamwandikia mume wangu, yuko kiwandani Nyakato: "Baba Neema, mama ametutoka." Nikawaandikia wamama wa jumuiya. Muda si muda wamejaa kwangu Kiseke, na mikeka na chupa za chai.

Meseji za pole nazo zinataka nafasi. Nikasema marehemu hasemwi vibaya, nikazifuta zile za mama zote. Simu ikalia, ti! Wifi tena, na hii aliituma kabla ya ile: "Wifi, mama kabanwa kifua tangu jana. Tumempeleka zahanati, kachomwa sindano, kifua kimeachia. Akipata usingizi nitakwambia, usiwe na wasiwasi."

Ile ndefu ilikosa nafasi, ile fupi ikapenya!

Nampigia mume wangu, hapatikani. Alishafika Misungwi. Kaingia uani kwao na kaka yake, wanajitupa chini, wanamlilia mama kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu!" Mama yuko kwenye kiti, bakuli la uji mkononi. Akauliza, "Nani amekufa?"

Shemeji yangu akajibu, "Wewe, mama."

Mpaka leo mume wangu anakula kimya, anaosha mikono, anatoka. Majirani wananiita Mama Tanzia. Napita na ndoo yangu, wanaanza: "Mama Tanzia, leo nani?" Wanacheka! Natamani niwamwagie hayo maji!

Na bado sijasema lililonileta. Niliposoma "amepumzika", kabla sijapiga yowe, nilishusha pumzi. Ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Niliona raha! Mungu anisamehe.

Juzi mama akapiga mwenyewe.

"Mama Neema."

"Abee mama, shikamoo."

"Marahaba. Mambo ya ile meseji yako nimeyaacha. Nataka kujua kitu kimoja. Siku ile, ulilia?"

Nikasema, "Mama, mtandao, sikusikii." Nikakata!

Wanawake wenzangu, ukisoma amepumzika, piga simu, uliza amepumzika vipi. Na msitunze maneno ya mtu kwenye simu kwa hasira, mpaka habari za uzima wake zikose pa kuingia.

Nilipokata tu, kaniandikia. Neno moja: "Ulilia?" Hiyo haikuchelewa hata kidogo, nafasi sasa ipo tele. Ya mama ni hiyo peke yake humo, siku ya tatu leo. Sijaijibu, na kuifuta naogopa.