Kocha wa Aljebra
Kocha ndiye mwalimu wetu wa aljebra, maana huku Arkansas, Marekani, kocha wa timu ya shule lazima afundishe na somo darasani. Kila Ijumaa huujaza ubao mishale ya mbinu za mechi ya jioni, kisha huandika mlinganyo mmoja pembeni, hukuna kofia na kumgeukia mwanafunzi mwenzetu Marlee: "Au siyo, binti?" Marlee akikunja uso, Kocha huufuta na kuandika upya. Leo Marlee ameitwa kujiunga na shule ya bweni ya vipaji vya sayansi, naye anaogopa kuwaacha wenzake. Akamwomba Kocha ushauri.

"Kule watakukausha ubongo, binti. Hapa una marafiki, una mechi."

Marlee akalainika, nusura akubali kubaki.

"Tena ukienda," Kocha akanong'ona, akimsogezea chaki, "nani atanisahihishia mitihani?"

Marlee akaumaliza mlinganyo uliokuwa ubaoni, akajipangusa mikono. "Huo ndio wa mwisho, Kocha. Nakwenda kufunga sanduku."

Kocha hakusikia. Alikuwa akinakili jibu kiganjani, kwa ajili ya darasa linalofuata.